Nina milioni 1 na laki 8, simu, na duka la bosi usiku: filamu ya kuchekesha inatoka hapo?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuzaji wa duka la vyombo hapa Tanga, Ngamiani, tunauza masufuria, mabeseni, majagi, chupa za chai. Tupo wawili, tunafungua saa 2 asubuhi tunafunga saa 2 usiku na kuna siku wateja hawafiki kumi, tunabaki kupiga stori na kuwasema wapita njia. Tumeandika skripti ya komedi ya wauzaji wawili wa duka, kurasa 80. Nimeiona ile filamu ya Kimarekani ya Clerks, wanasema jamaa alikuwa muuza duka kama mimi, akatumia dola elfu 27 tu akatoka kimaisha. Mimi nina milioni 1 na laki 8 na simu nzuri. Bosi karuhusu tushuti usiku tukishafunga. Marafiki wengine wanasema bila kamera kubwa tunajidanganya, wengine wanasema weka nyeusi na nyeupe tu itaonekana ya kisanii. Nimefikiria kukopa kwenye zile programu za simu nifikishe milioni 5 maana hata yule jamaa alikopa. Kuna mama tumemuweka kwenye skripti, anakuja kila siku kuuliza bei ya chupa moja ya chai, mwezi wa tatu huu, hanunui. Nishauri, nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, ya pili nikacheka peke yangu pale kwa mama wa chupa ya chai, huyo ntamrudia. Naona kinachokusumbua siyo kamera. Unataka kujua kama kukosa vifaa kutaiua kazi yako au ndo kutaiokoa, na kwa kuwa kuna mtu mmoja Marekani kulimuokoa unajiuliza kama ukipita njia ileile na wewe utafika. Mimi kazi yangu ni sauti na kuediti, niko hapa Bagamoyo miaka kumi na ushee, filamu za hela ndogo zimepita nyingi mikononi mwangu na baadhi nimezizika mwenyewe. Kwa hiyo ntakujibu kama fundi, siyo kama shabiki.

Tuanze na hiyo hadithi ya Clerks maana imesimuliwa sana mpaka imekatwa mkia. Ni kweli Kevin Smith alikuwa anauza duka, linaitwa Quick Stop, liko Leonardo kule New Jersey, na ni kweli filamu aliishuti humohumo dukani, siku 21, mchana anauza usiku anashuti, usingizi wa kuibia. Hela iliyotajwa ni dola 27,575. Kwanza hiyo siyo hela ndogo kwetu, ukipiga dola moja shilingi 2,500 inakuja kama milioni 69, na hapo ni dola za miaka ya tisini. Pili hakuwa muuza duka tu aliyeamka siku moja akashika kamera. Alishakwenda shule ya filamu Vancouver, Kanada, akaacha katikati ili ada iliyobaki ibaki mfukoni, na kule ndo alikompata Scott Mosier aliyekuja kuizalisha hiyo filamu pamoja naye. Yani alirudi dukani na mtu wa kazi, siyo na ndoto peke yake.

Tatu, na hili ndo watu hawalisemi, zile dola 27,575 ni za kuifikisha filamu mahali pa kuonyeshwa. Ilipopita kwenye tamasha la filamu la Sundance kulekule Marekani mwaka 1994 na kampuni ya filamu ya Miramax wakainunua, ndo zikaingia hela nyingine za kuisafisha sauti na kulipia muziki, na haki za nyimbo zilizowekwa humo ziligharimu kuliko kuishuti filamu yenyewe. Sasa mtu akikwambia "alitumia elfu 27 tu" mwambie hiyo ni bei ya kuku hai, kumpika ilikuwa bei nyingine.

Halafu kabla ya Sundance waliionyesha New York mwaka 1993 ukumbi ukiwa karibu mtupu. Kwenye wale wachache waliokaa alikuwepo mtu mmoja anaitwa Bob Hawk, anayesikilizwa na wakubwa wa filamu huru, akaipenda akaenda kuisema kwa wenzie. Asingekuja siku ile je? Na mwaka uleule kulikuwa na vijana wengine kibao wamejaza madeni kwenye kadi zao wakashuti filamu zao, hao hatuwasikii kwa sababu hakuna anayewahoji. Nakwambia haya siyo kukukatisha tamaa, ila ukitaka kuiga uige kitu kinachoigika, na bahati haiigiki.

Kinachoigika ni hiki. Ile duka mchana lilikuwa linauza kwa hiyo walishuti usiku, lakini hadithi yao inatokea mchana. Ukiwa na hela unaweka mataa makubwa nje ya madirisha ionekane jua, hawakuwa nazo. Basi Smith akaandika kwenye skripti kwamba asubuhi muuzaji Dante anafika anakuta mtu kazijaza chingamu kufuli za vile vifuniko vya chuma vya madirisha, havifunguki siku nzima. Giza la nje limepata sababu. Na siyo hilo tu, Dante anachukua shuka anaandika kwa dawa ya viatu kuwahakikishia wateja kwamba duka liko wazi, anatundika nje, na hilo shuka limekuwa kichekesho kinachokumbukwa mpaka leo. Umeona? Shida ya mwanga imegeuka kuwa hadithi, na hadithi ikazaa kichekesho, na vyote vimegharimu shuka moja. Kila ulichokosa hakikisha kimeingia kwenye skripti kikiwa na sababu yake, usikifiche.

Sasa wewe una usiku. Nimejiuliza, wauzaji wa duka la vyombo usiku wanafanya nini ndani mlango umefungwa? Wanahesabu mali! Bosi yuko Dar anarudi kesho alfajiri, sahani hazifiki hesabu, zimepungua 7, na hakuna kutoka mpaka zipatikane. Hapo huhitaji kudanganya jua, giza ni lako, ukimya wa mtaa ni wako, na uchovu wenu wa kweli wa saa 6 usiku utaonekana usoni bila kuigiza. Kama kuna sini lazima ziwe mchana zishuti Jumapili duka likiwa limefungwa, pale kibarazani, jua la Tanga halina bili.

Kuhusu nyeusi na nyeupe, marafiki zako wamesikia nusu. Wale kina Smith walishuti kwa mkanda wa filamu wa milimita 16, na nyeusi na nyeupe iliwapunguzia gharama na kichwa kuuma, kwa sababu taa za dukani zinatoa rangi tofautitofauti na kuzisawazisha kwenye filamu ya rangi kunataka mataa na watu. Kwenye simu hupunguzi hata shilingi, mchezo ni wa bure. Inasaidia tu kama una tyubu moja inatoa ubluu na balbu nyingine inatoa unjano, inazika hiyo vurugu. Ila fikiria, wewe duka lako limejaa mabeseni mekundu, majagi ya kijani, na zile chupa za chai zenye maua, utazima hiyo rangi ili iweje? Mimi ningeiacha, ningebadili tu balbu zote ziwe za aina moja.

Kuna kitu kimoja kitakusumbua na hutajua kinatoka wapi: picha kucheza, mistari myeusi inatembea kwenye ukuta. Siyo simu mbovu. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi za dukani zinawaka na kufifia mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde, macho yetu hayaoni, lakini simu nyingi zimepangwa kushuti fremu, yani picha, 30 kwa sekunde na zinakwenda kinyume na taa. Tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1 ya 50 ya sekunde, halafu funga mwanga na rangi visijibadilishe katikati ya sini. Mistari inaondoka. Kamera kubwa wanayokutisha nayo ingekuletea mistari ileile kama anayeishika hajui hili.

Sasa sauti, na hapa univumilie maana ndo kazi yangu na ndo zinapofia filamu za namna hii. Filamu yako ni watu wawili wanaongea. Mtazamaji atasamehe picha yenye chengachenga, kwani tumekua tunaangalia mikanda ya kudurufu mpaka sura hazionekani na tulicheka vizuri tu, lakini neno lisiposikika kichekesho kimekufa na hakifufuki. Komedi inakaa kwenye neno la mwisho la sentensi, likimezwa na pikipiki umebaki na watu wawili wanaangaliana.

Maiki ya simu iko pale ilipo simu, mita 3 kutoka kwa mwigizaji. Kila ukiongeza umbali mara mbili sauti ya mtu inashuka kama desibeli 6 lakini kelele ya chumba haishuki, kwa hiyo kinachobaki ni chumba. Na chumba chako wewe ni balaa la peke yake, masufuria! Ongea kwa nguvu mbele ya rafu ya masufuria halafu nyamaza usikilize, yanakujibu. Dawa ni maiki za kubana shatini, moja kwa kila mwigizaji, na kitu laini cha kumeza mwangwi. Kama jirani anauza magodoro umeokoka, muombe manne usiku, yasimamishe nyuma ya kamera na pembeni pasipoonekana, rudisha asubuhi yakiwa na plastiki zake. Mimi sijawahi kuona kifaa cha bei mbaya kinachoshinda godoro. Kila lokesheni ukimaliza rekodi nusu dakika ya ukimya watu wote wakiwa wamesimama kimya, utanishukuru wakati wa kuediti.

Zimeni feni, zimeni na friji la soda kama lipo ukuta wa pili. Hapa Bagamoyo tuliwahi kushuti kwenye duka la vinywaji lenye mafriji manne, usiku wa kwanza tukaona siyo ishu, nilipokaa kwenye laptopu nikakuta mazungumzo yote yana mnguruno chini yake kama gari liko sailensa, usiku mzima ukaenda na maji. Usiku wa pili tukazima yote, tukashuti safi, tukaondoka saa 10 alfajiri tumefurahi, tukasahau kuwasha. Mtindi wa mwenye duka ulioharibika tuliulipa sisi. Tangu siku hiyo nikizima friji la mtu naweka funguo za pikipiki yangu ndani ya hilo friji. Siwezi kwenda nyumbani bila kulifungua.

Na hapohapo kwenye umeme, acha nikuogopeshe kidogo. Umeme ukikatika usije ukaingiza jenereta ndani ya duka lililofungwa, hata mlango ukiwa nusu wazi, hata liwe lile dogo. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, inalaza watu na hawaamki. Mtu akilalamika kichwa kinamgonga, kizunguzungu, kichefuchefu, wote nje kwanza, halafu hospitali, msisubiri kumaliza sini. Pia mlango usifungwe kwa kufuli la nje mkiwa ndani, funguo zikae kwa mtu aliye ndani. Na ukitaka kuongeza taa muite fundi umeme anayejua kazi, usichomeke nne kwenye ekstensheni moja.

Kukopa. Hapana. Najua hilo ndo jibu hutaki, ila sikiliza hesabu. Smith hakuanza na deni, aliuza mkusanyiko wake wa vitabu vya katuni, akaweka na hela ya bima ya gari lililoharibiwa na mafuriko, kadi za mkopo zikaja juu yake. Kadi zile ukilipa kidogo kila mwezi zinakuvumilia japo riba inapanda. Programu za simu hazina huo uvumilivu, nyingi zinataka hela ndani ya wiki chache, na filamu haiingizi hata mia ndani ya wiki chache. Utakuwa hujamaliza kuediti unapigiwa simu wewe, anapigiwa bosi, anapigiwa shemeji yako Korogwe. Nyingine hazina hata leseni, Benki Kuu iliwahi kutoa tangazo la kuzikataza. Kama umeshachukua, na wanakutukana au kuwatumia watu wako meseji, usijifungie ndani ukachukua nyingine ya kulipia hiyo, hifadhi hizo meseji nenda polisi na ukamuone mtu wa sheria ana kwa ana.

Hiyo milioni 1 na laki 8 inatosha, ila siyo kwa kurasa 80. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hiyo umeandika saa 1 na dakika 20, na ukiwa unauza duka mchana utaweza kurasa 3 au 4 kwa usiku ukijitahidi. Piga hesabu, ni wiki tatu mpaka nne za kukesha, na huenda mwenzako ana mke. Chagua kurasa 15 bora, shuti usiku nne, tano. Ningekuwa mimi, laki 6 sauti, laki 5 chakula na nauli za bajaji za usiku (watu wakishiba wanavumilia, hakuna siri nyingine), za vibali unaweka pembeni baada ya kuuliza viwango, diski mbili za kuhifadhia kazi, kinachobaki usikiguse mpaka kitu kiharibike, maana kitaharibika. Muziki mtafute kijana wa Tanga apige kipya na mwandikiane. Usichukue taarabu za zamani za Black Star au Lucky Star ukasema ni za kwetu, zina wenyewe, ukitaka uliza kwanza ofisi ya hakimiliki.

Vibali usiviruke. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976, inataka kibali cha kushuti na filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa, msimamizi ni Bodi ya Filamu. Usianzie Dar, anzia kwa Afisa Utamaduni hapo Jiji la Tanga, nenda mwenyewe na skripti mkononi, maswali yako mengi yataishia kwenye kiti chake. Ruhusa ya bosi nayo iwe kwenye karatasi, maneno ya "tushuti tu" yanasahaulika siku sufuria likibonyea. Na wateja halisi usiwashuti kwa kificho.

Umesema skripti ina matusi? Hujasema, ila kama umeipenda Clerks nahisi yamo. Hiyo filamu haina uchi wala damu ya kutisha, lakini kwa maneno tu kule Marekani ilipewa daraja la NC-17, la juu kabisa, ikabidi wakate rufaa na mwanasheria ndo ikashushwa. Wewe huna mwanasheria huyo. Na kusema kweli huyahitaji, wewe ni mtu wa Tanga bwana, mji wa mafumbo, mtu anatukanwa asubuhi anaelewa jioni akiwa anakula. Mzee Majuto alikuwa wa hapohapo Tanga, alifariki tarehe 8 Agosti 2018, mwangalie tena ukiwa na daftari: anachekesha akiwa amekasirika kabisa, yeye haoni kama kuna kichekesho. Waigizaji wa komedi wengi wanaoniletea kazi wanacheka kabla yetu, wanatuibia.

Kuboreka pia kuna mtego wake. Filamu ya watu walioboreka siyo filamu ya kuboa. Watu wanaangalia Clerks wanadhani ni jamaa wanapiga stori tu, hapana, yale mazungumzo yaliandikwa, na kamera ilitulia sehemu moja muda mrefu, hiyo bila mazoezi haiendi. Dukani kinachochekesha ni kukatizwa. Mnaongea jambo zito la maisha, mtu anaingia "mna vijiko?", mnamjibu, anatoka, mnaendelea palepale. Fanyeni mazoezi mchana mkiwa kazini, wateja halisi watawakatiza bure. Mkimaliza kuediti pelekeni kibanda umiza chochote Makorora au Ngamiani kabla ya mechi, kaeni nyuma, msiangalie filamu, angalieni migongo ya watu. Palipo na mgongo uliotulia kateni. Baadaye ndo mfikirie tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar, na ukikwama kupata mtu wa sauti njoo Bagamoyo, pale TaSUBa, chuo cha sanaa, kuna vijana wanaosoma mambo haya na wana hamu ya kushika maiki.

Sasa yule mama. Mimi ningetupa nusu ya skripti nikabaki naye, ila kwanza mbadilishe, umri, mtaa, hata chupa ifanye jagi, maana ni mtu wa kweli na Ngamiani wanajuana. Anaingia, anaishika ileile, anafungua kifuniko, ananusa ndani, anauliza bei, anasema "ntarudi". Kesho yake hivyohivyo. Wiki ya pili mnawekeana dau la soda atakuja au haji. Mwezi wa pili mmeshaanza kumpunguzia bei na yeye anaudhika. Halafu siku hiyo anaingia mteja mgeni, ana haraka, hela mkononi, anataka hiyohiyo, na imebaki moja. Wewe muuzaji, ambaye siku nzima hujauza hata kijiko, unamwambia imeshachukuliwa, na unaiweka chini ya kaunta.